Bi Kamba Anafunga Nyumba ya Ndugu Yake

Bi Kamba hakuwa na haja ya kuwauliza watu tabia zao. Alisubiri tu wafungue makabati. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akifunga mizigo ya watu wanaohama nchi, mwajiriwa wa kampuni ya usafirishaji yenye ghala nyuma ya kituo cha mafuta, na katika miaka hiyo alikuwa ameingia vyumba vya kulala vya mawakili, madaktari na walimu wakuu, akapekua uvungu wa vitanda vyao kwa ruhusa yao wenyewe, na kutoka huko na hukumu moja: watu wengi ni bure kabisa.

Ushahidi alikuwa nao. Alimfungia wakili mmoja gunia la mawe ya bustani, mawe matupu, eti huko aendako hakuna mawe yenye rangi ile. Alimfungia daktari wa meno masufuria kumi na manne, na daktari mwenyewe hajui kuchemsha hata maji. Kuna mume na mke waliogombana mbele yake asubuhi nzima juu ya pazia la bafuni, liende au lisiende. Mwisho wake pazia likasafiri, ndoa ikabaki.

Jina la Bi Kamba alipewa na wapagazi wa ghalani, siku alipolifunga jokofu kwa kamba moja na fundo moja, likashushwa kutoka ghorofa ya nne bila kuyumba. Lakini pale ghalani alianza kama mfagiaji. Kazi yake ilikuwa kuzoa vigae vya sahani zilizovunjwa na wanaume waliojiita mafundi. Alifagia miezi sita, na kila alichofagia kikamfundisha. Akagundua kwamba sahani hulazwa na mjinga. Mwenye akili huisimamisha kwa ubavu, karatasi mbele, karatasi nyuma. Siku aliyolisema hilo kwa sauti, fundi mkuu alimcheka. Mwaka uliofuata fundi mkuu alikuwa anamshikia mkasi.

Alikuwa mjane. Mwanawe wa pekee alifanya kazi mji mwingine na alipiga simu mwisho wa mwezi kama mtu anayelipia maji. Bi Kamba aliishi katika vyumba viwili karibu na ghala, safi mno, kiasi kwamba majirani wakija walikaa ukingoni mwa kiti, nusu tako hewani.

Basi siku moja mdogo wake, ndugu yake wa pekee, akampigia simu.

"Dada, mambo yamejibu. Tunahama nchi. Mimi, shemeji yako, na mtoto."

"Shemeji yangu yupi? Umeoa tena?"

"Wifi yako, dada. Wifi yako. Nimechanganyikiwa na furaha. Alhamisi lori linakuja kuchukua mizigo. Nikasema, nani wa kutufungia kama si wewe?"

"Kampuni ina wafungaji wanane."

"Ah, dada nawe! Wageni waje kushika vitu vyangu?"

Bi Kamba alielewa. Alikuwa amewahi kusikia neno "undugu" likitumika kwa maana ya "bure" mara nyingi, ingawa si kwa bashasha kiasi hicho. Hata hivyo aliomba likizo ya siku nne. Na tusimsifu kwa hilo, maana hakwenda kwa upendo. Kwa miaka kumi na sita, tangu ndoa ile ifungwe, wifi yake hakuwahi kumruhusu avuke sebule. Sasa alikuwa ameitwa afungue makabati yote. Mtu gani angekataa?

Jumatatu alifika saa mbili asubuhi na begi lake la kazi: mizunguko sita ya utepe, visu viwili, kalamu ya wino mzito, glavu. Nyumba ilikuwa ya chini katika jengo la ghorofa tatu. Ilikuwa na ukumbi mwembamba, sebule upande wa mtaa, vyumba viwili, jiko ambalo dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani, na mwisho kabisa, mkabala na choo, chumba cha nyuma. Humo ndimo aliishi mama yao. Mlango wake ulikuwa umefungwa.

Wifi yake alimpokea akiwa na daftari kifuani. Majirani walimwita Madamu, na yeye aliamini ni heshima. Alikuwa amebandika karatasi tatu ukutani: KWENDA, KUGAWA, KUTUPA.

"Karibu wifi. Nimekurahisishia. Nimeona mahali video ya namna wenzetu wanavyofanya."

"Wenzenu akina nani?"

"Wa kule." Akabonyeza boksi moja kwa kidole. "Lakini wifi, maboksi ya huku kwenu ni laini sana."

Huku kwenu! Mwanamke alikuwa amesimama mitaa mitatu kutoka mahali alipozaliwa, na ndege bado siku tatu. Bi Kamba alilimeza hilo akalihifadhi vizuri, kama mtu anayeweka akiba ya kuni.

Kisha akatoka mdogo wake chumbani, amevaa koti zito la manyoya lililomfika magotini, jasho likimtiririka hadi kwenye kidevu.

"Unaumwa?" Bi Kamba akauliza.

"Nazoea, dada. Kule baridi si mchezo."

"Kwa hiyo unazoea baridi kwa kujichemsha."

Mdogo wake akainua ukosi wa koti. Tangu utotoni huyu alikuwa mtu wa kuanza mambo upande wa mwisho. Alinunua helmeti kabla ya pikipiki, na pikipiki haikuja. Alichonga mhuri wa biashara kabla ya kuwa na biashara. Bi Kamba, aliyemzidi miaka tisa, ndiye aliyemfundisha kuandika, akimshika mkono juu ya meza ya jikoni, na hata leo herufi zake zote zilikuwa zimelala upande mmoja kama walevi.

Kazi ikaanza. Na kwa vile tunasema yote, tuseme kwamba Bi Kamba alifurahi sana siku ile. Makabati hayakumwangusha. Rundo la KWENDA liliwekewa maua ya plastiki, matawi arobaini. Likawekewa simba wa plasta mwenye sikio moja. Likawekewa seti nzima ya vikombe vya kioo ambavyo havijawahi kutiwa hata maji, kwa sababu wifi alisema vilikuwa vya wageni, na mgeni wa hadhi hiyo hakutokea kwa miaka kumi na sita. Mdogo wake alileta kikombe cha ushindi cha mchezo wa drafti, mshindi wa tatu, na Bi Kamba akakumbuka vizuri kwamba wachezaji walikuwa watatu.

Kila kitu alikifunga kwa ustadi uleule. Hapo ndipo dharau yake ilipokuwa imekaa: hakumpa mtu sababu ya kulalamika. Simba wa plasta alivishwa karatasi, kisha plastiki ya mapovu, kisha akaketishwa katikati ya matakia kama bwana harusi.

"Na haya wifi nimekuwekea wewe," Madamu akamwambia saa za alasiri, akionyesha rundo la KUGAWA. Kulikuwa na beseni lililopasuka, pazia moja lisilo na mwenzake, na chupa tatu za losheni zilizokwisha muda.

"Asante wifi. Beseni hili linavuja?"

"Kidogo tu."

"Vizuri. Nitalitumia kuwekea losheni iliyooza."

Binti wa nyumba, msichana wa miaka kumi na tano aliyekuwa akikunja shuka sakafuni, aliinamisha uso akacheka puani. Mama yake alimtupia jicho. Katika nyumba ile, Bi Kamba aliona, huyu ndiye aliyekuwa na akili, na labda kwa sababu hiyo hakuna aliyemuuliza kama anataka kuhama.

Jioni, alipokuwa anaandika namba kwenye maboksi ya ukumbini, Bi Kamba aliuliza swali alilokuwa amelibeba tangu asubuhi.

"Na chumba cha mama, tunafunga lini?"

Mdogo wake alianza kuchunguza zipu ya koti. Wifi akasema haraka, "Hicho usikiguse kwanza."

"Mama naye anasafiri?"

"Tutaongea, dada," mdogo wake akasema. "Tumalize kwanza vitu."

Miaka ishirini na miwili ilikuwa imemfundisha Bi Kamba kwamba kila familia huacha mwisho kile inachokionea aibu. Wengine ni kreti za chupa, wengine ni barua. Alipita mbele ya ule mlango, akasikia redio ya mama yake ikisoma habari, akabisha akamsalimu. Mama akaitikia kwa ndani, "Marahaba, nimejilaza," na hakufungua.

Jumanne ilikuwa zamu ya makaratasi. Mdogo wake alikuwa na meza kubwa ya kazi aliyoisifu kuwa ni mti mgumu, nayo ilikuwa mbao za kubandika. Ndani ya droo kulikuwa na majalada. Mfungaji hasomi karatasi za watu, na Bi Kamba hakuwahi kusoma za mteja yeyote. Lakini huyu hakuwa mteja; mteja analipa.

Karatasi ya kwanza aliyoisoma ilikuwa mkataba wa kazi. Mdogo wake alikuwa ameuambia mtaa mzima kwamba anakwenda kuwa meneja msaidizi. Mkataba ulisema: mpangaji wa bidhaa kwenye rafu, zamu ya alfajiri. Bi Kamba aliusoma mara mbili kwa utamu. Kupanga rafu si aibu. Yeye mwenyewe angempa mtu heshima kwa kupanga rafu vizuri. Ila huyu alikuwa hawezi kupanga hata viatu vyake viwili.

Karatasi ya pili ikamkata utamu wote.

Ilikuwa nakala ya fomu ya kuomba nafasi katika makao ya wazee yaliyo upande wa pili wa mji. Jina la mwombaji lilikuwa la mama yao. Umri, miaka sabini na minane. Kazi ya zamani, mpishi wa hospitali. Chini, kwenye mstari wa watoto au ndugu wa karibu wanaoishi nchini, mtu alikuwa ameandika neno moja kwa herufi zilizolala: Hakuna.

Bi Kamba alisimama na ile karatasi mkononi. Alikuwa ameishi nchini humo miaka yote hamsini na minne. Alikuwa nchini sasa hivi, amesimama katika nyumba ya aliyeandika, utepe umemning'inia kifundoni mwa mkono.

Alikwenda jikoni. Mdogo wake na mkewe walikuwa wanakula wamesimama, maana viti vilikuwa vimeshafungwa.

"Mimi ni nani?" akawauliza.

"Dada?"

"Nakuuliza wewe uliyefundishwa kuandika na mkono huu. Mimi ni nani kwa mama? Hakuna?"

Wifi aliiona karatasi, akaweka sahani chini. "Wifi, usilichukulie vibaya. Pale ni pazuri, kuna muuguzi, kuna..."

"Sijazungumza na wewe. Wewe ulishahama tangu juzi, uko kule kwenu." Akamgeukia mdogo wake. "Umemfuta mtoto wa mama yako kwa kalamu ya wino, ukaenda kuzoea baridi. Hata vifaranga hawafanyiani hivyo. Nimekujua mjinga, nimekujua mwongo, nimekujua mshindi wa tatu katika watu watatu. Hili sikulijua."

Macho ya mdogo wake yalijaa maji. 

"Dada, muulize mama."

"Nimuulize mama nini?"

"Muulize tu."

Bi Kamba alikwenda moja kwa moja hadi mlango wa chumba cha nyuma, na safari hii hakubisha.

Mama yake alikuwa ameketi kitandani, redio pajani, miguu haifiki sakafuni. Alikuwa amepungua mwili lakini sauti yake ilikuwa ileile iliyokuwa ikiita wodi nzima kuja kula. Kando yake sanduku moja lilikuwa wazi, limeshajaa. Viatu vilikuwa juu ya nguo, na chupa ya mafuta imelazwa bila mfuniko kukazwa.

Bi Kamba alikuja na maneno mengine kabisa, lakini yaliyomtoka yalikuwa haya: "Umefunga vibaya."

Mama akaanza kucheka. Alicheka kwa mabega, bila sauti. "Nilijua," akasema. "Nilijua hilo ndilo litakuwa la kwanza."

"Mama, hii karatasi inasema huna mtoto."

"Kaa."

"Sikai."

"Basi simama, masikio hayana magoti." Akazima redio. "Mimi ndiye niliyemwambia aandike hivyo. Alikataa siku mbili. Akalia, unamjua alivyo. Wale wa makao hawapokei mzee mwenye mtoto hapa nchini. Nikamwambia, andika hakuna."

"Nina vyumba viwili, mama. Kimoja hakina mtu. Kwa nini uende kukaa na watu usiowajua?"

"Nilipovunjika mkono nilikaa kwako wiki tatu. Unakumbuka?"

"Nilikuosha, nikakulisha kwa mkono wangu."

"Uliniosha vizuri sana. Ulinilisha kwa saa, hukukosea hata dakika. Hospitali yangu isingekushinda. Lakini mwanangu, katika wiki zile tatu sikukusikia umemsema mtu kwa wema. Jirani alikuja kunijulia hali. Hajafika kizingitini umeshasema miguu yake inanuka. Msichana wa duka, huna hamu naye. Msoma habari wa redio, redio tu, hata hakuoni, ukasema ana sauti ya mbuzi aliyekabwa. Nikawa nalala najiuliza: na mimi nikifumba macho, ananisema nini?"

 Na kweli Bi Kamba alikuwa amemsema. Wiki ile ya pili alikuwa amemwambia mwenzake wa ghalani kwamba mama anatafuna kama anayesaga kokoto, na walicheka.

"Mdogo wako mjinga," mama akaendelea, "na mkewe ni debe tupu, kelele mpaka jirani anafunga dirisha. Unadhani siwaoni? Nawaona. Lakini humu ndani nimecheka kila siku. Juzi mwanaume kavaa koti la baridi, kaenda nalo dukani kununua chumvi. Nani angenipa hayo kwako?"

"Kwa hiyo unanidharau, mama."

"Aa. Kazi hiyo ni yako. Mimi nakuogopa." Akaivuta ile chupa ya mafuta, akaitazama, akairudisha vilevile. "Nyani haoni kundule, wanasema. Wewe lako umelifunga karatasi tatu na utepe juu."

Hapo Bi Kamba alitoka. Alichukua begi lake ukumbini, akapita katikati ya maboksi aliyoyaandika namba kwa mkono wake, akaenda nyumbani kwa miguu, mwendo wa karibu saa nzima, akiwa na maneno makali kwa kila mtu aliyekutana naye. Mwenye mkokoteni aliusukuma vibaya. Fundi viatu alikuwa amekaa kama gunia. Aliyasema yote kimoyomoyo, na kwa mara ya kwanza yalimchosha.

Jumatano saa mbili kamili alirudi.

Wifi alipofungua mlango alirudi nyuma hatua mbili. Alikuwa ametegemea matusi, au asimwone tena. Bi Kamba akavaa glavu. "Maboksi ya jikoni bado matano," akasema, akaingia.

Alimaliza jiko, akafungua vitanda, akatia skrubu za kila kitanda kwenye mfuko wake na kuubandika kwenye ubao wa kitanda hichohicho, ili asije mtu kule mbali akalala sakafuni na kumlaani. Mchana aliingia chumba cha nyuma. Mama yake alikuwa dirishani.

"Naomba ruhusa nikufungie upya," akasema.

"Funga."

Akalifungua lile sanduku, akatoa kila kitu. Vilikuwa vichache: nguo, shali mbili, upawa mkubwa wa aluminiamu ambao mama alipewa hospitalini siku ya kustaafu, picha kadhaa ndani ya bahasha, miwani ya zamani isiyosaidia tena. Ulimi wa Bi Kamba uliwasha. Miwani ile ilikuwa takataka, na shali moja ilikuwa imeliwa na nondo mpaka ikafanana na chujio. Sentensi ilikuwa tayari, nzuri, fupi. Akaimeza. Ilishuka kama mwiba wa samaki. Akaikunja ile shali kwa karatasi laini anayotumia kwa hariri za mabibi wakubwa, na miwani akaivisha soksi, akaiingiza katikati.

Mama alimtazama muda wote.

Wifi alichungulia mlangoni. "Wifi, hicho kitanda cha mama usikifungue, tumeshamwahidi jirani, anakuja kukichukua leo."

"Leo? Na mama alale wapi?"

"Si ni usiku mmoja tu, tutaweka godoro..."

Bi Kamba aliona kwamba kumeza kuna kikomo. "Mwambie jirani aje kesho, mama akishaondoka. Akija leo nitamfunga yeye, nimwandike namba, aende kwenu kule na simba."

Kutoka dirishani mama akaachia kicheko, hiki cha sauti.

Alhamisi lori lilifika, na wapagazi wa ghalani, waliomjua Bi Kamba, walifanya kazi kimya kama watoto mbele ya mwalimu mkuu. Nyumba ilipokuwa tupu, mdogo wake alimfuata ukumbini. Koti lilikuwa mkononi.

"Dada, nisamehe kwa ile karatasi."

"Herufi zako bado zinalala," Bi Kamba akasema. "Huko kwenye rafu, panga makopo yasimame."

Alishtuka kuona kwamba anajua. Kisha akatabasamu kwa aibu, na akamkumbatia, mzima na jasho lake. Bi Kamba alisimama kama nguzo mpaka akamaliza. Binti alikuwa ameshaaga. Alikaa na bibi yake chumbani asubuhi nzima, na alitoka macho mekundu, asitake kutazamwa.

Ndege yao ilikuwa jioni. Kwa hiyo aliyempeleka mama kule makao alikuwa Bi Kamba, kwa gari la kukodi, sanduku limelala juu ya magoti yake.

Mapokezi palikuwa na meza, daftari, na msimamizi, mwanamke mnene mwenye kalamu nyuma ya sikio. Akaipata fomu, akaisoma, akamtazama mama, kisha Bi Kamba.

"Na wewe ni nani wake?"

Bi Kamba alimgeukia mama yake. Mama alikuwa anasoma tangazo la saa za kuoga lililobandikwa ukutani, analisoma kwa makini makubwa, yeye asiyeona herufi hata za bango.

"Mimi ni mfungaji mizigo," Bi Kamba akasema.

"Haya, asante. Weka sanduku hapo. Unaweza kwenda."

Akaenda. Nje alitembea mpaka kwenye ukuta wa kwanza uliokuwa na kivuli, akasimama akiutazama ukuta. Maisha yake yote alikuwa amewacheka watu wanaolia barabarani.

Jumapili ya pili alirudi na kifurushi. "Kuna mzigo wake mmoja ulisahaulika," akamwambia msimamizi. Ulikuwa mkebe wa biskuti. Jumapili iliyofuata ulisahaulika mwingine, na iliyofuata mwingine. Alikaa na mama robo saa, baadaye nusu saa, akisema machache. Mara nyingi alikuwa anameza. Mwezi wa tatu msimamizi alimzuia mezani.

"Mfungaji, hebu niambie. Wewe na yule bibi mlinunua pua duka moja?"

Bi Kamba akakiweka kifurushi mezani.

"Mimi hapa ni mwaka wa kumi na moja," msimamizi akasema. "Huku nusu ya wazee fomu zao zinasema hakuna. Ukija Jumapili utadhani ni harusi. Pita."

Habari za wahamiaji zilifika kwa simu. Mizigo yote ilifika salama, hakuna kilichopasuka, na mdogo wake alilisema hilo kwa mshangao, kana kwamba alitegemea vinginevyo. Anaamka saa tisa za usiku kwenda kwenye rafu zake. Wifi ana kabati la vioo sebuleni, limejaa, ila kwa mwezi wa nne sasa hakuna mtu aliyebisha hodi kuja kuliona. Watu wa kule, akasema kwa uchungu, hawatembeleani. "Wamemkwepa simba," Bi Kamba akajibu, na simu ikakatika, huenda kwa mtandao. Binti humpigia bibi yake kila wiki. Anasema anataka kurudi akimaliza shule. Bi Kamba hamwambii arudi wala asirudi.

Ghalani hakubadilika. Mwezi uliopita alimfungia mhandisi mmoja mizani nne za bafuni, na alikuwa na mengi ya kusema juu ya mhandisi huyo.

Jumapili moja walikuwa wamekaa uani kwenye benchi, yeye na mama. Mbele yao mzee mmoja alikuwa anawahadithia wenzake jinsi zamani alivyokuwa mtanashati wa mji. Suti kumi na mbili, alisema, kila moja na viatu vyake, na fundi cherehani alikuwa anamfuata nyumbani kumpima. Wenzake wakaitikia. Mama akaitikia. Bi Kamba alikuwa akimtazama yule mzee, midomo imebanwa.

"Sema," mama akamwambia chini chini.

"Sina neno."

"Unalo. Limekuvimbisha shingo. Sema, lakini kwangu peke yangu."

Bi Kamba alisogea, akamwinamia sikioni. "Huyo mtanashati," akasema, "amevaa sweta mbele nyuma. Lebo iko kidevuni."

Mama akatazama. Akakaza macho, akaiona lebo ikicheza kila mzee alipotamka neno suti, na kicheko kikamshika mpaka akamkamata bintiye mkono asianguke. Wazee wakageuka. Mtanashati akauliza wanacheka nini, na mama, machozi yakimtoka, akasema amekumbuka jambo la ujanani.

Kisha akaegemea tena. "Ni mbaya wewe," akamwambia Bi Kamba. "Na yule wa pembeni, mwenye kofia, umemwonaje?"

Bi Kamba akamtazama mwenye kofia.